I'm Eighteen

I'm Eighteen ni wimbo wa rock wa kundi la Marekani liitwalo Alice Cooper. Ulitolewa kama singo Novemba 1970, kisha ukaingizwa katika albamu ya tatu ya kundi hilo, Love It to Death, iliyotoka mwaka 1971. Watunzi wake ni wanamuziki wote watano: Alice Cooper (sauti na harmonika), Glen Buxton na Michael Bruce (magitaa), Dennis Dunaway (besi) na Neal Smith (dramu). Ndio uliolitoa kundi hilo kwenye ufukara na kuzomewa ukalifikisha katika redio za Marekani na Kanada, na ni mmoja wa nyimbo chache za zama zake zilizomsemea kijana bila kumhubiria.

Kundi kabla ya wimbo

Mwimbaji alizaliwa Detroit mwaka 1948 kwa jina la Vincent Furnier, mtoto wa mhubiri, akakulia Phoenix, jimbo la Arizona. Huko ndiko alikokutana shuleni na Buxton na Dunaway. Walipitia majina kadhaa kabla ya kujiita Alice Cooper mwaka 1968. Wakati huo lilikuwa jina la kundi zima, na Furnier alilichukua kuwa lake binafsi baadaye.

Walihamia Los Angeles, ambako Frank Zappa aliwapa mkataba katika kampuni yake ya santuri, Straight. Albamu mbili za mwanzo, Pretties for You (1969) na Easy Action (1970), hazikuuza. Muziki wake ulikuwa wa kukatika-katika, wenye mawazo mengi yasiyokaa pamoja, na watazamaji wa California hawakuupenda. Kundi likafungasha na kwenda Michigan, likapanga nyumba ya shamba karibu na Pontiac, si mbali na Detroit. Uamuzi huo uliwafaa. Detroit ya wakati ule ilikuwa mji wa viwanda vya magari na wa rock ya nguvu, yenye makundi kama MC5 na The Stooges, na mashabiki wake walitaka kelele na jasho. Mavazi ya kike, rangi usoni na vituko vya jukwaani vilivyowachukiza watu wa Los Angeles, hapo vilipokelewa kwa mikono miwili.

Kutengenezwa

Wimbo ulianza bila maneno mengi wala mpangilio. Ulikuwa mchezo wa kupasha moto vyombo jukwaani, ambao ungeweza kuendelea hadi dakika nane kabla ya onyesho lenyewe kushika kasi.

Meneja wa kundi, Shep Gordon, alikuwa akimwandama mtayarishaji wa Toronto, Jack Richardson, aliyejulikana kwa kazi yake na kundi la The Guess Who. Richardson hakuwataka. Kazi ya kuwashughulikia ikaangukia kwa msaidizi wake, Bob Ezrin, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa bado na jina. Mwaka 1970 Ezrin aliwatazama katika klabu ya Max's Kansas City, New York, na akatoka humo ameshashawishika. Wimbo huu ulimkaa kichwani, ingawa kwa kelele za ukumbi hakuyasikia maneno sawasawa: alidhani mwimbaji anasema kwamba ana wahaka. Alirudi Toronto akamwomba mkubwa wake amwachie kundi hilo.

Ezrin aliwafuata Michigan, wakafanya mazoezi kwa muda mrefu. Kazi yake kubwa katika wimbo huu ilikuwa kupunguza. Kila kipande kilichokuwa kikirefushwa kwa sababu tu wapigaji walikuwa wanafurahia kilikatwa. Kila mpigaji alitakiwa kujua anapiga nini na kwa nini. Dakika nane zikawa chini kidogo ya tatu, urefu ambao redio za AM zilikuwa tayari kuupokea. Kundi lililokuwa likijivunia kutoeleweka likafundishwa wepesi, na wanamuziki wenyewe wamekuwa wakimshukuru Ezrin kwa hilo tangu hapo. Rekodi ilifanyika katika studio za RCA mjini Chicago, na Richardson na Ezrin wakaandikwa kuwa watayarishaji.

Muziki na maudhui

Wimbo uko katika ufunguo wa E ndogo, wenye mwendo mzito usio wa haraka. Gitaa la mwanzo linachambua kodi (chords) nyuzi moja moja, la pili linaingia kwa mkwaruzo, kisha harmonika. Sauti ya Cooper ni kavu, karibu ya kukwama kooni, kama ya mtu aliyeamka baada ya usiku mrefu. Ala hazishindani, zote zinamsukuma mwimbaji.

Msimulizi ni kijana wa miaka 18. Analalamika kwamba uso na mikono yake tayari ina mikunjo, kwamba hana mpango, kwamba amesimama katikati: utoto umemwacha na utu uzima haujamfungulia mlango. Anataka kutoka alipo, lakini hajui aende wapi. Mpaka hapo ni malalamiko ya kawaida ya rika hilo. Ubora wa wimbo uko mwishoni, pale kijana anapoacha kuitazama hali yake kama ugonjwa na kutamka kwamba anaipenda. Mkanganyiko haukutatuliwa, wala hakuna mzee aliyetokea na ushauri, lakini lalamiko limekuwa kelele ya kujidai. Nyimbo nyingi za ujana zilizotangulia zilimliza kijana au zilimbembeleza. Huu unamwacha asimame alipo.

Miaka 18 ilikuwa na uzito wa kisheria nchini Marekani. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na kijana wa kiume alipofika umri huo alilazimika kujiandikisha kwa ajili ya jeshi, hali ya kuwa umri wa kupiga kura katika sehemu kubwa ya nchi ulikuwa miaka 21. Marekebisho ya 26 ya katiba, yaliyoushusha hadi 18, yaliidhinishwa Julai 1971, miezi michache baada ya wimbo kuvuma. Wimbo hautaji vita wala kura.

Mapokezi

Kituo kilichoufungulia njia kilikuwa CKLW cha Windsor, Kanada, ng'ambo ya mto kutoka Detroit. Mawimbi yake yalifika majimbo kadhaa ya Marekani, na aliyechagua santuri za kupigwa, Rosalie Trombley, alisifika kwa sikio lake. Wenyewe wanamuziki walikuwa wakivipigia simu vituo vya redio wakijifanya mashabiki wanaouomba wimbo.

Mwaka 1971 ulifika nafasi ya 21 katika chati ya Billboard Hot 100. Warner Bros., waliokuwa wakisambaza santuri za Straight, wakakubali albamu nzima, na Love It to Death ikaingia 40 bora za albamu. School's Out, wimbo mkubwa zaidi wa kundi hilo, ulifuata mwaka 1972.

Athari

Mwaka 1975, katika duka la nguo la Malcolm McLaren kwenye barabara ya King's Road, London, kijana mwenye nywele za kijani aitwaye John Lydon alijaribiwa kwa nafasi ya mwimbaji wa kundi la punk la Sex Pistols. Hapakuwa na bendi. Aliwekwa mbele ya mashine ya santuri, ukapigwa I'm Eighteen, akaufuatisha kwa midomo huku akijinyonga-nyonga. Alipewa kazi, na punk ya Uingereza ikapata sauti yake. New York nako, Joey Ramone wa kundi la Ramones alijenga wimbo wake wa kwanza juu ya kodi za wimbo huu.

Anthrax waliurudia katika albamu Fistful of Metal (1984), na Creed kwa ajili ya filamu The Faculty (1998). Wimbo Dreamin' wa Kiss, wa mwaka 1998, ulizua madai ya kufanana nao, yakamalizwa nje ya mahakama.

Hali ya sasa

Jarida la Rolling Stone liliuweka katika orodha yake ya nyimbo 500 bora mwaka 2004. Kundi liliingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2011, na waliobaki wakaupiga kwenye sherehe hiyo mjini New York. Buxton alikuwa amefariki mwaka 1997.