Timu Inapohama, Uwanja Unabaki kwa Nani? Mambo ya Kufahamu Kuhusu Fedha za Umma na Viwanja vya Michezo

Na Mwandishi Wetu, Lugoba

Wapenzi wa soka wa Lugoba na vijiji jirani vya Halmashauri ya Chalinze walizoea kutazama Ligi Kuu karibu na nyumbani kupitia Ruvu Shooting, iliyotumia Uwanja wa Mabatini, Mlandizi. Timu hiyo ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/2023. Katika miaka hiyo hiyo, baadhi ya timu nchini zilihama mikoa na kubadilisha majina, huku mahitaji ya viwanja bora yakiongezeka kuelekea Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo Tanzania itaziandaa kwa pamoja na Kenya na Uganda.

Hali hiyo imeibua hoja mbili zinazomgusa mwananchi moja kwa moja. Kwanza, nani anapaswa kugharamia uwanja? Pili, wananchi wanabaki na nini endapo timu iliyokusudiwa kuutumia itaondoka? Makala haya yanafafanua hoja hizo.

Mfano wa Mbarali na Singida

Ihefu FC ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka na kurejea katika msimu wa 2022/2023. Tarehe 29 Novemba, 2022, ikiwa katika Uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuhitimisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo mabingwa hao hawakuwa wamepoteza. Siku hiyo jina la Mbarali lilitajwa nchi nzima.

Katikati ya msimu wa 2023/2024, Ihefu ilihamishia michezo yake ya nyumbani katika Uwanja wa Liti, Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Wakati huo huo, Singida Fountain Gate iliondoka Singida kwenda Mwanza, na baadaye ikaweka makao Babati, mkoani Manyara, kwa jina la Fountain Gate. Kitayosce ya Kilimanjaro nayo ilihamia Tabora na kuitwa Tabora United mwaka 2023.

Mabadiliko hayo yalifanyika ndani ya mfumo wa mpira. Klabu ni mali ya wamiliki wake, na kila msimu huainisha uwanja wa nyumbani unaokaguliwa na Bodi ya Ligi Kuu Tanzania. Hata hivyo, mamalishe, dereva wa bodaboda na mwenye nyumba ya wageni waliotegemea siku ya mchezo hawana nafasi katika uamuzi huo. Biashara yao huondoka na timu.

Nani anamiliki viwanja?

Viwanja vinavyotumiwa na Ligi Kuu vina wamiliki wa aina nne. Wa kwanza ni Serikali Kuu. Mfano ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000, pamoja na uwanja wa watazamaji 30,000 katika Kata ya Olmoti, Arusha, unaotokana na maandalizi ya mwaka 2027. Wa pili ni halmashauri, kama ilivyo kwa Uwanja wa Kaitaba, Bukoba.

Wa tatu ni Chama Cha Mapinduzi, kinachomiliki viwanja kama CCM Kirumba, Sokoine, Jamhuri Morogoro na Liti. Vingi kati ya hivyo vilijengwa wakati wa mfumo wa chama kimoja kwa nguvu na michango ya wananchi, na umiliki wake umekuwa ukijadiliwa tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Wa nne ni klabu zenyewe, kama Azam FC yenye uwanja wake Chamazi.

Tofauti hizo zina uzito. Bodi ya Ligi inapofungia uwanja kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, timu hulazimika kucheza mkoa mwingine hata kama haikutaka kuhama. Anayepaswa kufanya ukarabati ni mmiliki wa uwanja, wakati anayeathirika kwanza ni timu na mashabiki wake.

Fedha za halmashauri

Lugoba inajulikana kwa machimbo ya kokoto kando ya barabara kuu ya Chalinze–Segera. Ushuru wa bidhaa za namna hiyo ni sehemu ya mapato ya ndani, na mapato hayo yana wadai wengi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sehemu nyingine huelekezwa katika miradi ya maendeleo, ikiwemo madarasa, zahanati na maji.

Uwanja wa michezo unaweza kuwa mradi halali wa maendeleo. Unapaswa, hata hivyo, kupita katika vikao vya kijiji na kata, kisha Baraza la Madiwani, na kuingia katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Shilingi inayotengwa kwa uwanja haiwezi kujenga darasa kwa wakati huo huo. Ndiyo maana uamuzi huo unahitaji mjadala wa wazi.

Uzoefu wa nje

Nchini Marekani, wamiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Seattle SuperSonics waliomba fedha za umma kwa ajili ya ukumbi mpya. Walipokosa, waliihamishia timu Oklahoma City mwaka 2008. Mtanzania Hasheem Thabeet aliichezea baadaye, ikiitwa Oklahoma City Thunder. Timu yake ya kwanza katika ligi hiyo, Memphis Grizzlies, nayo ilikuwa imehama kutoka Vancouver, Canada, mwaka 2001.

Jiji la Seattle halikutoka mikono mitupu. Lilikuwa na mkataba wa pango uliopaswa kudumu hadi mwaka 2010, likaenda mahakamani kuutetea, na katika maridhiano likalipwa dola milioni 45. Jina na rangi za SuperSonics zilibaki Seattle. Mkataba ulioandikwa mapema ndio uliolilinda.

Maswali ya mwananchi

Mradi wa uwanja unapoletwa katika mkutano wa kijiji au kata, wananchi wanashauriwa kuuliza yafuatayo:

1. Ardhi ni ya nani, na hati itaandikwa kwa jina la nani?
2. Gharama za kutunza uwanja kila mwaka zitatoka katika fungu gani?
3. Timu itakayoutumia imesaini mkataba wa miaka mingapi, na italipa fidia kiasi gani ikiondoka kabla ya muda?
4. Shule na timu za mitaa zitautumia siku zipi?

Majibu yasipopatikana mkutanoni, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa hizo kwa maandishi kwa ofisi husika, ambayo inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Swali la tatu ndilo la kusisitiza zaidi, kwa kuwa mkataba huwa na nguvu unaposainiwa kabla ya ujenzi kuanza.