Habari ya Iringa Hupigwa Chapa Wapi?

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Mbeya na Iringa, leo tutajifunza historia ya magazeti. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni majina mawili: Kiongozi na Mambo Leo.

Kiongozi lilipigwa chapa Tanga, katika shule ya serikali ya Wajerumani, tangu mwaka 1904 mpaka vita vilipolizima mwaka 1916. Wengi walioliandikia walikuwa walimu na makarani waliopelekwa kazini bara, nao walituma barua za mambo waliyoyaona huko. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwezi wa Januari, 1923. Lilitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza, mara moja kwa mwezi. Humo mlikuwa na mashairi, mafundisho ya kilimo, na habari za miji zilizoletwa na wasomaji wenyewe.

Sasa angalieni. Tanga iko pwani, na Dar es Salaam pia. Habari ya Iringa iliandikwa Iringa, ikasafiri mpaka pwani, ikapigwa chapa, ndipo ikarudi Iringa kusomwa! Lilipotokea Ngurumo mwaka 1959, na Uhuru mwaka 1961, yote ya Dar es Salaam, njia ilikuwa ile ile. Kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa ni kilomita 500 hivi, na mpaka Mbeya ni zaidi ya 800. Kabla ya reli ya TAZARA na barabara ya lami za miaka ya 1970, gazeti lilifika Tukuyu likiwa limekwisha zeeka.

Je, ni lazima iwe hivyo? Nchi ya Denmark, huko Ulaya, ni ndogo kuliko mikoa ya Mbeya na Iringa ikiwekwa pamoja. Lakini mji wa Odense ulipata gazeti lake mwaka 1772, na Aarhus mwaka 1794, ingawa mji mkuu, Copenhagen, ulikuwa na lake kabla ya hapo. Tena sheria ya mwaka 1814 iliwataka watoto wote wafundishwe, basi wasomaji wakaongezeka hata mashambani. Gazeti halidumu bila wasomaji. Kwetu, Mwanza ilionyesha njia mwaka 1974: gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wamejua kusoma karibuni, kama ninyi.

Mwandishi wa mkoani hukaa karibu na habari, na karibu na hatari yake. Tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari wa Iringa, aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wakiwatawanya watu wa chama cha CHADEMA. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Sasa, mwalimu, gawa magazeti. Kila mmoja atafute habari moja ya Mbeya au Iringa. Someni kwa sauti jina la mwandishi, kisha jina la mji lilikopigwa chapa gazeti. Baadaye andikeni mistari mitano ya habari ya kijiji chenu, na jina la mwandishi liwe lako.