Kinanda cha zamani, au kipya?

Kwa mpigaji wa kujifurahisha kinanda kipya ni pesa ya chakula. Kabla ya kununua, tuulize historia.

Mwaka 1983 makampuni ya Japani na Marekani, yaliyokuwa yakishindana, yalikubaliana lugha moja ya vinanda: MIDI. Roland na Sequential Circuits waliunganisha vinanda vyao. Kimoja kikapigwa, kingine kikalia. MIDI 2.0 ilipokuja mwaka 2020, haikuitupa ile ya kwanza.

Basi angalia nyuma ya kinanda chako. Kikiwa na tundu la duara lenye vitobo 5, bado kinaweza kuongea na kipya. Vibonyezo vikifa, au kikikataa betri pale pasipo umeme, badilisha. Kikiwa kingali kinalia vizuri, pesa ibaki kwa watoto.