Dawa: Yapi ni maudhi ya kupita na yapi ni madhara ya kukimbilia zahanati

Kwenye zahanati na kliniki nyingi za Tanzania, wahudumu wana maneno mawili wanapoelezea kile ambacho dawa inaweza kumfanyia mtu mbali na kumtibu. La kwanza ni "maudhi madogo madogo": kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, mambo yanayokuja na kuondoka. La pili ni "madhara", na hapo hali ni nzito.

Shida ni kwamba mgonjwa mara nyingi anaondoka dirishani na vidonge vyake na maelekezo ya "mbili asubuhi, mbili jioni", basi. Hajaambiwa lipi ni lipi. Likimpata la kwanza anaacha dozi, likimpata la pili anavumilia.

Mfano wa dawa ya kichocho

Kwa watu wa Kalemela mfano upo karibu sana. Kata hiyo iko Busega, wilaya ya Mkoa wa Simiyu inayogusa Ziwa Victoria, na ukanda wa ziwa unasumbuliwa na kichocho cha tumbo miaka mingi. Ukiingia ndani zaidi, kuelekea Bariadi, Maswa na Meatu kwenye malambo, kinachofahamika zaidi ni kile cha mkojo, ambacho humfanya mtu akojoe damu.

Dawa ya vyote viwili ni moja, prazikwanteli. Ni vidonge vikubwa, vichungu, vya miligramu 600, ambavyo wanafunzi hupewa shuleni. Idadi yake hutokana na urefu wa mtoto, anayesimamishwa kwenye fimbo yenye alama. Kwa hiyo watoto wa darasa moja wanaweza kumeza idadi tofauti na hakuna aliyepunjwa wala kuzidishiwa.

Baada ya kumeza, baadhi ya watoto huumwa tumbo, hutapika, huharisha au hupata kizunguzungu. Mwenye minyoo mingi mwilini ndiye anayesumbuka zaidi, kwa sababu dawa inaiua na mwili unapambana na mabaki yake. Mtoto aliyemeza akiwa na njaa naye hali yake huwa mbaya zaidi, ndiyo maana wazazi huambiwa mtoto ale kwanza. Kwa kawaida mambo hayo hutulia ndani ya siku moja. Ni maudhi hayo.

Lakini mzazi asiyejua hilo ataona nini? Ataona mtoto aliyetoka nyumbani mzima anarudi anatapika. Mwaka 2008 mkoani Morogoro jambo hilo lilifika pabaya. Ugawaji wa dawa hizo shuleni uliibua uvumi kwamba watoto wamelishwa sumu, wazazi wakavamia shule, vurugu zikazuka. Dawa ilikuwa ile ile inayotumika duniani kote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza wazazi mapema na vizuri kwamba kesho watoto wataumwa matumbo na kwa nini.

Salfa: dawa moja, majina mengi

Upande wa pili wa shilingi ni dawa zenye salfa. SP, ambayo wajawazito hupewa kliniki kuwakinga na malaria, ina salfa. Septrini, inayojulikana pia kama kotrimoksazoli, nayo ina salfa. Metakelfin ya zamani nayo ilikuwa nayo. Mamilioni ya watu wamezitumia bila tatizo lolote. Wachache sana, mwili huzikataa: ngozi inatoka vipele, kisha malengelenge, midomo na mdomo kwa ndani vinachubuka, macho yanakuwa mekundu, homa inapanda, ngozi inaanza kubanduka kama ya mtu aliyeungua.

Hapo si pa kuvumilia wala kusubiri kesho. Dawa inaachwa saa hiyo hiyo na mgonjwa anapelekwa hospitali, kwa sababu hali hiyo inaua.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la baadaye. Aliyeharibiwa ngozi na SP hatakiwi kupewa Septrini, hata kama jina ni tofauti na ugonjwa ni mwingine. Muuzaji wa dukani hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtu usoni. Mgonjwa ndiye anayetakiwa kusema "nina aleji ya salfa" kila anapokwenda, na ni vizuri zaidi likiandikwa kwenye daftari lake la matibabu, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa sababu siku nyingine atapelekwa akiwa hajitambui.

Kikohozi kinachotoka kwenye dawa ya presha

Kuna madhara ambayo hayafanani kabisa na madhara. Mtu mzima anaanzishiwa kaptopili kwa ajili ya presha. Wiki kadhaa baadaye anapata kikohozi kikavu kisichoisha, hasa usiku. Ananunua dawa ya maji ya kikohozi, haisaidii. Ananunua amoksilini, haisaidii. Wengine wanaanza kuhisiwa kifua kikuu.

Kumbe kikohozi kinaletwa na kaptopili yenyewe, na ni jambo linalojulikana vizuri kwa dawa za kundi hilo. Daktari akimbadilishia dawa, kikohozi huisha chenyewe taratibu. Hata hivyo, mgonjwa akikohoa kwa wiki mbili au zaidi anastahili kupimwa kifua kikuu pia, maana dawa kuwa na lawama hakuondoi ugonjwa mwingine. Na kama midomo, ulimi au uso umevimba ghafla, hiyo ni dharura, si kikohozi tena.

Mgonjwa huyo huyo wa presha akiumwa mgongo baada ya kulima, atakwenda dukani kununua diklofenaki. Inauzwa kama pipi, na watu wanaimeza kama pipi. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha, kuchubua tumbo mpaka likavuja damu, na ikimezwa pamoja na kaptopili na dawa ya kukojoza inaweza kuumiza figo. Kinyesi cheusi kama lami kwa mtu anayetumia dawa za maumivu ni dalili ya damu tumboni. Kwa watu wengi wenye presha, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi.

Swali la kuuliza dirishani

Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa vijijini, na muuzaji wake amepata mafunzo. Kwa hiyo si kosa wala si utovu wa adabu kumuuliza yeye, nesi au daktari: "Dawa hii itanifanyaje, na nikiona nini nirudi?" Aliyebeba orodha ya dawa nyingine anazotumia, za miti shamba zikiwemo, atajibiwa vizuri zaidi. Mwanamke mwenye mimba, au anayehisi anayo, aseme kabla hajapewa chochote. Kaptopili, kwa mfano, haimfai.

Mfano mzuri wa faida ya kuuliza ni dawa ya kifua kikuu. Rifampisini hugeuza mkojo, hata machozi, kuwa rangi ya machungwa. Asiyejua anadhani ni damu na anakimbia dozi. Aliyeambiwa anaendelea na shughuli zake. Lakini macho yakiwa ya njano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hilo ni ini, na anatakiwa kurudi haraka. Dawa hiyo pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo wanawake wengi huligundua wakiwa tayari na mimba.

Kuacha dawa kimya kimya nako kuna hatari yake. Dawa za presha, kifafa, kifua kikuu na ARV haziachwi kwa sababu ya maudhi bila kuongea na mtaalamu. Mtu wa kifafa akikatisha ghafla anaweza kupata degedege mfululizo. Karibu kila mara ipo njia nyingine: kupunguza kipimo, kumeza baada ya chakula au kubadilishiwa.

Kuripoti

Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa TFDA. Kazi yake mojawapo ni kupokea taarifa za madhara ya dawa. Wahudumu wa afya hujaza fomu ya njano, na wagonjwa wenyewe wana yao ya kijani. Tovuti ya mamlaka nayo inapokea taarifa. Haihitaji mtu awe na uhakika kwamba ni dawa ndiyo iliyomdhuru. Kushuku tu kunatosha.

Kinachohitajika ni jina la dawa, namba ya toleo lake na tarehe ya mwisho wa matumizi, na hivyo vyote vimeandikwa kwenye boksi au karatasi ya vidonge ambayo watu wengi hutupa siku ya kwanza. Mwenye simu ya kupiga picha anaweza kuipiga picha akiwa bado dukani. Vidonge vikihesabiwa na kutiwa kwenye kipaketi kitupu, anaweza kuomba aoneshwe kopo vilikotoka.