Injini ya treni ndogo ya umeme ikikataa kwenda, mota iwe ya mwisho kushukiwa

INJINI ya treni ndogo ya umeme inapokataa kusonga, wengi huamua mara moja kwamba mota imeungua. Kuna wanaoifungua papo hapo kwa bisibisi, na kuna wanaoitupa. Hata hivyo, mara nyingi mota huwa nzima, na kasoro huwa kwenye uchafu, waya au gia.

Treni hizi za modeli zina historia ndefu. Kampuni ya Märklin, iliyoanzishwa mwaka wa 1859 mjini Göppingen, Ujerumani, ilionyesha mpangilio wake wa reli katika maonyesho ya Leipzig mwaka wa 1891. Kampuni ya Lionel ilianzishwa New York, Marekani, mwaka wa 1900, naye Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, akaanza kuuza treni zake mwaka wa 1920. Treni hizo za kwanza za Hornby ziliendeshwa kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo.

Siku hizi ukubwa ulioenea ni HO, ambapo modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi. Waingereza hupendelea OO, ambayo ni ndogo mara 76. Aina zote mbili hupita kwenye reli zilizoachana milimita 16.5.

Safari ya umeme

Anayetaka kuitengeneza injini ni sharti kwanza aelewe njia ambayo umeme hupitia. Katika treni za kawaida, kifaa cha kudhibiti mwendo hupunguza umeme wa ukutani hadi volti 12 za mkondo wa moja kwa moja. Umeme huo huingia katika reli moja na kurudi kupitia ya pili.

Kutoka kwenye reli, umeme hupanda katika magurudumu, hupokewa na vibamba vyembamba vya shaba vinavyoyagusa, kisha hupita kwenye nyaya hadi kwa mota. Mota nayo huzungusha gia zinazoendesha magurudumu. Njia hii ikikatika popote, mota hunyamaza. Ndiposa uchunguzi huanzia ukutani na kumalizikia kwenye mota.

Kifaa cha umeme na reli

Weka injini nyingine juu ya reli hizo hizo. Ikienda, kifaa na reli ni vizima. Ikiwa hakuna injini nyingine, gusisha multimita kwenye reli mbili, au tumia balbu ndogo ya volti 12.

Hapa Kenya kuna hatari ya ziada. Umeme wa nyumbani nchini ni volti 240, ilhali wa Marekani ni 120. Kifaa kilichotengenezewa soko la Marekani kikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Kenya kinaweza kuungua, au kupeleka kwenye reli umeme mwingi kupita kiasi. Soma maandishi yaliyo chini ya kifaa kabla ya kukichomeka. Aidha, usikifungue kifaa hicho mwenyewe, kwani ndani yake mna umeme unaoweza kuua.

Reli zikaguliwe pia. Vumbi, mafuta na kutu jeusi huzuia umeme kupita. Zima umeme, kisha ufute reli na magurudumu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa kidogo alkoholi ya aina ya isopropili, mbali na moto. Msasa usitumike, kwa maana mikwaruzo yake hukusanya uchafu upesi zaidi. Petroli nayo hushika moto kwa urahisi na yaweza kuharibu plastiki.

Jaribio la betri

Injini ikiwa bado imekwama, itoe kwenye reli na uipindue. Chukua betri ya volti 9 yenye nyaya mbili, uguse magurudumu ya upande mmoja kwa waya mmoja na ya upande wa pili kwa waya mwingine. Magurudumu yakizunguka, injini ni nzima na tatizo liko kwenye reli au kifaa.

Yasipozunguka, vua bodi ya injini na uguse sehemu mbili ambapo nyaya zinaingia kwenye mota. Mota ikizunguka, basi umeme ulikuwa unapotelea njiani. Huenda kibamba kimepinda na hakigusi gurudumu, au waya umeachana na lehemu yake. Kibamba hurudishwa kwa kukipinda taratibu, na waya hulehemiwa upya.

Ikunguruma bila kuzunguka

Mota ikinguruma bila kuzunguka, ondoa umeme mara moja. Mota iliyokwama huvuta umeme mwingi kuliko inayozunguka, na umeme huo wote hugeuka joto. Joto hilo huunguza kinga inayofunika nyaya za koili. Wanaoendelea kuongeza umeme wakidhani wanaipa mota nguvu ndio wanaoiua mota iliyokuwa nzima.

Badala yake, jaribu kuzungusha mhimili wa mota kwa kidole. Ukiwa mgumu, tafuta nywele au nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli, na grisi ya zamani iliyoganda kama gundi. Injini iliyokaa kabatini miaka mingi huwa na tatizo hili hasa. Safisha gia, kisha utie tone moja la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki.

Mambo yakiwa kinyume, yaani mota inazunguka lakini injini haisongi, chunguza gia za plastiki. Baadhi hupasuka zikizeeka na kuteleza kwenye ekseli.

Mota yenyewe

Ni baada ya hayo yote tu ambapo mota yenyewe inaweza kulaumiwa. Ndani yake mna brashi mbili za kaboni zinazosukumwa na springi dhidi ya pete ya shaba iliyogawanywa vipande. Brashi huisha, springi hulegea, na unga wa kaboni huziba mianya kati ya vipande hivyo. Safisha pete kwa alkoholi, na mianya kwa kijiti cha meno. Mafuta yasiiguse pete hiyo.

Kisha pima ukinzani kwa multimita huku ukizungusha mhimili polepole. Vipimo vikikaribiana katika kila sehemu, koili ni nzima. Kipimo kikipotea kabisa sehemu moja, waya wa koili umekatika, na hapo mota inahitaji kubadilishwa.

Treni za kidijitali

Injini za kidijitali hufuata utaratibu tofauti, kwani kati ya reli na mota kuna kibao cha elektroniki kinachopokea amri. Usiguse mota kwa betri kabla ya kuitenganisha na kibao hicho, la sivyo kitaharibika. Mara nyingi injini hukaa kimya kwa kuwa inaitwa kwa namba isiyo yake. Jaribu namba 3, ambayo ndiyo injini nyingi mpya hupewa kiwandani.

Injini ya kawaida nayo isiachwe juu ya reli za kidijitali. Hunguruma ikiwa imesimama, na mota hupata joto. Vivyo hivyo, mpangilio wa zamani wa Märklin hutumia mkondo geu, ambao haufai mota za mkondo wa moja kwa moja.

Vipuri vya treni hizi ni nadra katika maduka ya humu nchini, na kuviagiza kutoka ng'ambo ni gharama. Kujua hasa kilichoharibika kabla ya kuagiza humwokoa mwenye treni kulipia mota mpya wakati alichohitaji ni gia moja au kitambaa safi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Injini ya zamani iliyokaguliwa kwa utaratibu huenda ikawa haina ubaya wowote ila vumbi la miaka.