Logibuku: neno lililotoka baharini

Ukitaka kununua gari Kenya, swali la kwanza ni moja: logibuku iko wapi? Bila hiyo usitoe pesa. Tanzania wanaiita kadi ya gari, na wasikilizaji wetu wameuliza hili jina la Kenya lilitoka wapi.

"Log" kwa Kiingereza ni gogo. Mabaharia wa Kiingereza walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba. Ubao ukabaki ulipoangukia, meli ikasonga, kamba ikafunguka. Mmoja alishika chupa ya mchanga ya takriban nusu dakika, mwenzake akapima kamba iliyotoka: huo ndio mwendo wa meli. Njia hiyo imo katika kitabu cha William Bourne cha mwaka 1574. Baadaye kamba ikatiwa mafundo, na hadi leo Waingereza huhesabu kasi ya meli kwa mafundo.

Vipimo viliandikwa katika daftari, likaitwa kitabu cha gogo. Zikaongezwa habari za upepo, njia na ajali. Meli zikigongana, daftari hilo hutolewa kama ushahidi. Kutoka melini jina likahamia kwenye kumbukumbu za magari Uingereza, kisha Kenya. Kompyuta nayo ililiazima: ukiweka neno la siri "ukalogi", umejiandikisha daftarini.