Gari linapochemsha: chanzo ni kipi?

Katika barabara za Oman ziendazo Nizwa, Ibra na Sur, ambako joto la kiangazi laweza kuzidi nyuzi 45 za Selsiasi, gari likichemsha huhatarisha abiria pamoja na injini.

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, egesha mahali salama, kisha zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Maji yaliyomo humo chini ya shinikizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, hufoka ghafla na kuunguza.

Chanzo hutambulika kwa kuuliza: lilichemsha wakati gani?

Likichemsha limesimama na kupoa likienda, shuku feni.

Likichemsha katika mwendo wa kasi au mlimani, mathalani kupanda Jabal Akhdar kutoka Birkat al-Mawz, shuku rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama au pampu ya maji.

Maji yakipungua, kagua mipira na chini ya gari. Yakipungua pasipo kuvuja, moshi ukawa mweupe na oili ikafanana na maziwa, yaelekea gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo usiliwashe tena: livutwe hadi gereji.

Daima chukua maji ya akiba: ya gari, na ya kunywa.